Desibeli Tatu

Wimbi linashuka Kitangari saa kumi na moja alfajiri.
Setilaiti imekwisha pita, mbwa hata hajainua sikio.
Lina urefu wa sentimita ishirini na tatu,
kama rula yangu ya darasa la tano, ile iliyokatika ncha.
Linapiga hodi kwenye mchanga mwekundu.
Sehemu yake inarudi juu palepale,
sehemu inatupwa kando, kwa majirani,
na iliyobaki inapenya, inapinda kidogo, inapunguza mwendo
kama mgeni aliyevua viatu,
inateremka mpaka kwenye udongo wa mfinyanzi, mlango wa pili,
inabisha tena.

Huo mwangwi wa pili ndio ninaoutaka.
Humo ndimo yalimo maji, kama yapo.

Niliandika milinganyo ya safari hiyo,
kurasa thelathini na moja, kwa chupa ya chai na feni mbovu,
chumba cha kupanga, Chuno, Mtwara mjini.
Nilikubali mambo matatu bila kuyaona:
kwamba ardhi imelala karibu sawa,
kwamba vilima vyake ni vidogo mbele ya wimbi,
kwamba tabaka la chini halijui habari za tabaka la juu.
Kompyuta haikubisha. Kompyuta haijawahi kulima.

Vipimo vilipokuja, vilipungua desibeli tatu.
Tatu: ukitamka haraka, ni kitu kidogo.
Lakini desibeli tatu ni nusu.
Nusu ya wimbi langu imekwenda wapi?

Nikapanda gari la Newala na ubao wa misumari mia moja na mmoja,
misumari inayocheza; ukiusimika shambani
kila mmoja unashuka hadi unapogusa udongo,
na vichwa vyao juu vinachora sura ya ardhi.
Shangazi Somoe Chinduli akauzunguka.
"Chanuo la nani hili?"
Akaniuzia ruhusa kwa kilo mbili za sukari,
akanionya nisimkanyagie muhogo.

Matuta.
Hakuna aliyeniambia kuhusu matuta.
(Uongo. Nimekulia hapa, nimeyapalilia,
nikayasahau siku nilipojifunza alama ya wastani.)
Tuta moja, sentimita thelathini na nne,
refu kuliko wimbi lenyewe.
Na chini, tulipochimba mimi na Mchopa kwa jembe la kuazima,
mfinyanzi nao haukuwa meza:
umekunjamana, una mizizi ya mkorosho uliokufa,
una njia za fuko,
una mabonde yake yasiyofuata mabonde ya juu,
ila mahali pengine yanafuata,
kwani maji ya kila masika hushikilia mfereji uleule
na mfereji wa juu huchonga wa chini.
Kumbe matabaka yanajuana.

Usiku ule umeme ulikatika.
Bibi Nantende akashika tochi ya simu akitafuta sindano,
mwanga ukamwangukia shavuni, penye nembo,
mistari ya pembepembe aliyochanjwa angali mwari,
na juu ya nembo, makunyanzi ya miaka tisini,
mengine yakifuata chale, mengine yakizikata.
Mwanga ulivunjika humo, ukaenda kila upande,
mwingine ukanifikia mimi.
Sikumwambia. Angeuliza faida yake.

Chuno, nikaifuta dhana ya tatu.
Milinganyo ikavimba, kompyuta ikachemka siku mbili,
feni nikaielekeza kwake, jasho likawa langu.
Pungufu si tatu tena. Ni sifuri nukta nane.
Hiyo nukta nane sijui iko wapi.
Pengine ni fuko.

Shangazi akapiga simu. "Yapo?"
Nikasema mwangwi wa pili upo, mita moja na nusu,
ni unyevu, si kisima.
"Unyevu," akasema, kama anayehesabu chenji pungufu.
Kisha akaniambia ndoo leo imefika mia saba,
na kwamba bado namdai—hapana, ananidai—kilo moja,
ile ya kwanza ilikuwa na sisimizi.